Mzunguko na Damu: Kwa Nini Mashine Izungukayo Polepole Huficha Upungufu wa Damu

Mama mjamzito anafika kliniki akilalamika kizunguzungu, moyo kumwenda mbio apandapo mlima, na uchovu usioondoka hata baada ya kulala. Katika kata kama Bukiriro, wilayani Ngara, ambako kwenda zahanati ni kupanda kilima kimoja na kushuka kingine, ni rahisi kuyachukua malalamiko hayo kuwa mambo ya kawaida ya ujauzito. Hata hivyo mhudumu anamtoboa kidole. Damu inapanda katika mrija mwembamba wa kioo, mrija unazibwa upande mmoja, unalazwa ndani ya mashine, na mashine inavuma kwa dakika tano. Karatasi inarudi ikiwa na namba moja: 34.

Kwa kawaida mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ambayo ni karibu sawa na hematokriti ya asilimia 33. Hematokriti ni sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Mama huyu wa mfano ana 34, kwa hiyo anaambiwa damu yake inatosha, naye anarudi nyumbani.

Namba hiyo ikiwa ya kweli, hakuna neno. Lakini haikutoka katika damu peke yake. Imetoka katika damu iliyozungushwa, na mzunguko una kanuni zake ambazo hazijali kama mashine ni mpya au kuukuu, wala kama umeme wa siku hiyo ulikuwa na nguvu au hafifu. Kanuni hizo ni chache na zinaeleweka bila hesabu ngumu. Asiyezifahamu anaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa mikono iliyo safi na nia iliyo njema.

Tuanze barabarani. Abiria aliyeketi ndani ya gari dogo linaloshuka milima ya Ngara anajua kwamba gari likikata kona kwenda kushoto, yeye atabanwa upande wa kulia. Akiulizwa, atasema gari limemtupa nje. Kwa kweli hakuna kilichomtupa. Mwili wake ulikuwa ukienda mbele, na kila kitu kinachokwenda huendelea moja kwa moja, kwa kasi ileile, mpaka kitu kingine kikilazimishe kugeuka. Tabia hiyo huitwa inesha, na Isaac Newton aliiweka kuwa sheria yake ya kwanza ya mwendo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687. Gari limegeuka, abiria bado anaelekea mbele, na ubavu wa gari ndio uliomfuata na kumsukuma kuelekea ndani ya kona. Anachokihisi kama kutupwa nje ni kusukumwa ndani.

Anayebisha na achukue kombeo, kama lile la watoto walindao mtama dhidi ya ndege. Jiwe likizungushwa, kamba hukaza kwa sababu mkono unalivuta jiwe kuja katikati bila kukoma. Kamba ikiachiwa, jiwe haliruki kwa kuukimbia mkono. Huondoka kwa mstari ulionyooka kuelekea kule lilikokuwa likielekea dakika hiyo ya kuachiwa, na ndiyo maana mtoto mwenye shabaha hujua ni wakati gani afungue kidole. Basi kitu chochote kinachokwenda kwa duara kinahitaji kani ya kukivuta au kukisukuma ndani daima. Kani hiyo ikikosekana, duara hukatika papo hapo.

Ni kubwa kiasi gani kani hiyo? Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Badiliko la mwendo linalohitajika, yaani mchapuko, ni kasi mara kasi, kisha kugawanya kwa nusukipenyo cha duara. Kasi inaingia mara mbili. Mwendesha bodaboda anayekata kona yenye nusukipenyo cha meta 20 kwa kasi ya kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa sekunde, anahitaji mchapuko wa meta 5 kwa sekunde kwa sekunde, karibu nusu ya mvutano wa dunia. Akiongeza mwendo hadi kilometa 54 kwa saa, ameongeza nusu tu ya kasi yake ya kwanza. Lakini anachokidai kwa matairi yake kimekuwa meta 11.25, zaidi ya mara mbili, na kimeupita mvutano wa dunia wenyewe. Tairi la kawaida juu ya lami kavu haliwezi kutoa kani hiyo. Juu ya changarawe, lisahau. Wauguzi wanaopokea majeruhi wa pikipiki wanaifahamu hesabu hii kwa sura yake nyingine.

Turudi sasa maabara. Mashine ile, ambayo wataalamu huiita sentrifuji, haifanyi jambo lingine zaidi ya kuipeleka damu katika kona isiyo na mwisho. Chukua sentrifuji ya mirija myembamba ambayo ncha ya mrija iko sentimeta 8.5 kutoka katikati, nayo inazunguka mara 12,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 200 katika kila sekunde. Ncha ya mrija inakwenda karibu meta 107 kwa sekunde, au kilometa 385 kwa saa, ndani ya chombo unachoweza kukiweka kwenye pembe ya meza. Piga hesabu ileile ya bodaboda: kasi mara kasi, gawanya kwa nusukipenyo. Jibu ni mchapuko ulio karibu mara 13,700 ya mvutano wa dunia. Wataalamu hupima nguvu ya sentrifuji kwa kipimo hicho, ni mara ngapi ya mvutano wa dunia, nasi tutafanya vivyo hivyo.

Kwa nini damu igawanyike? Mfugaji anajua kwamba maziwa yakilala usiku kucha, malai hupanda juu. Mafuta ni mepesi kuliko maji ya maziwa, kwa hiyo mvutano wa dunia hushusha kilicho kizito na kukiacha chepesi kielee. Msweden Gustaf de Laval aliona kwamba hakuna haja ya kungoja usiku kucha. Mwaka 1878 alitengeneza mashine ya kuzungusha maziwa ili malai yajitenge papo kwa papo, na mashine za namna hiyo zikaenea katika viwanda vya siagi. Damu nayo hufuata njia hiyo, ila hapa tunachokitafuta huenda chini wala si juu. Mililita moja ya plazma, yale maji ya damu ya rangi ya manjano hafifu, ina uzito wa gramu 1.025 hivi. Mililita moja ya chembe nyekundu ni kama gramu 1.1. Tofauti ni ndogo mno, na chembe yenyewe ina kipenyo cha maikrometa 7 au 8 tu, basi ikiachwa itulie katika mrija uliosimama huzama polepole sana. Kipimo cha kasi ya kutuama kwa damu kimejengwa juu ya jambo hilo hilo: tunangoja saa nzima tuone chembe zimeshuka milimeta ngapi.

Ndani ya sentrifuji, kizibo kilicho kwenye ncha ya nje kinaisukuma damu yote kuelekea katikati ili ifuate duara. Kila tone la plazma husukumwa na plazma iliyo nyuma yake, na msukumo huo unalitosha. Lakini chembe nyekundu, zikiwa nzito zaidi kwa ujazo uleule, zinahitaji msukumo mkubwa kuliko ule ambao plazma iliyozizunguka inaweza kuzipa. Kwa hiyo hazigeuki vya kutosha. Zinabaki nyuma katika kukata kona, kama abiria yule, na kila mzunguko zinasogea nje kidogo mpaka zigote kizibo na kujipanga. Juu yake hukaa utando mwembamba mweupe wa chembe nyeupe na chembe sahani, na juu ya utando huo plazma safi. Kwa hesabu tu, maana damu yenyewe ingekwisha kuharibika, dakika 5 chini ya nguvu ya mara 13,700 ni sawa na kuuacha mrija usimame kwa siku 47.

Wagonjwa huuliza wakati mwingine kama kuzungusha damu kunaibadilisha. Kuzungusha ipasavyo hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Kunapanga tu kile kilichokuwamo, na kinachobaki ni kupima kwa rula urefu wa safu nyekundu dhidi ya urefu wa damu yote.

Hapo ndipo penye mtego. Safu nyekundu haifiki urefu wake wa mwisho kwa mara moja. Mwanzoni chembe hushuka haraka, kisha zinaanza kubanana, na plazma iliyokwama katikati yake lazima ijipenyeze itoke kupitia mianya inayozidi kuwa myembamba. Sehemu ya mwisho ya plazma ndiyo ngumu kutoka kuliko zote. Hata mashine nzuri huacha kiasi kidogo, kama asilimia 1 hadi 3 ya safu. Mashine ikiwa dhaifu, au ikizimwa kabla ya wakati, plazma nyingi zaidi hubaki imefichama ndani ya wekundu. Safu huwa ndefu kuliko inavyostahili, na hematokriti husomeka juu kuliko ukweli.

Naomba mhudumu wa afya aukumbuke upande wa kosa hili. Mashine izungukayo polepole haitoi majibu yanayoyumba huku na huko kiasi cha kumshtua mtu. Humwonyesha mgonjwa ana damu nyingi kuliko aliyo nayo, kila mara, na kwa upole. Chukua mrija wenye damu ya urefu wa milimeta 60. Hematokriti ya kweli ikiwa 31, safu nyekundu ingepaswa kuwa milimeta 18.6. Plazma iliyonaswa ikiirefusha kwa milimeta 1.8 tu, chini kidogo ya unene wa njiti ya kiberiti, itasomeka 20.4, na 20.4 ya 60 ni asilimia 34. Yule mama wa mwanzo wa makala amekwisha kurudi nyumbani.

Mashine hupunguaje mwendo? Sababu ya kawaida ni umeme. Ni ajabu kidogo kwamba umeme wenyewe ni mtoto wa mzunguko. Huko huko Ngara, kwenye maporomoko ya Rusumo, chini kidogo ya mahali ambapo mto Ruvubu unaingia Kagera, maji huzungusha mitambo ya kituo cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Umeme wa gridi hutoka katika mizunguko iliyodhibitiwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini ukisafiri kwa nyaya ndefu hadi kijijini, na njiani ukahudumia mashine za kusaga, volti zinazofika kwenye soketi ya zahanati zinaweza kuwa pungufu sana kuliko zile 230 zinazotakiwa. Wengine hutumia umeme wa jua kupitia betri na kigeuza umeme ambacho hakiumudu mzigo wa mota. Sentrifuji nyingi ndogo na za zamani zina mota ya brashi, ambayo volti zikipungua nayo hupunguza mwendo. Brashi zikichakaa, hali huwa ileile.

Na hapa kasi inaingia mara mbili tena. Mashine iliyopaswa kuzunguka mara 12,000 ikizunguka mara 9,000, sikio litasema bado inavuma vizuri, kwa kuwa imepoteza robo tu ya mwendo. Lakini robo tatu mara robo tatu ni tisa ya kumi na sita. Nguvu imeshuka kutoka mara 13,700 hadi mara 7,700 ya mvutano wa dunia. Imepotea karibu nusu. Kwa kipimo kinachotakiwa kufanyika chini ya nguvu ya mara 10,000 au zaidi kwa dakika 5, hicho si kipimo tena, hata kama saa ya mashine imehesabu dakika zake kwa uaminifu.

Ipo njia ya kulijua jambo hili isiyohitaji kifaa cha kuhesabia mizunguko. Zungusha mrija kwa dakika tano, soma, andika. Urudishe uleule, uzungushe dakika mbili zaidi, usome tena. Safu nyekundu ikibaki palepale, chembe zilikuwa zimekwisha kubanana. Ikiwa imefupika, ule usomaji wa kwanza haukuwa wa kweli, na mashine inadai muda mrefu zaidi au fundi. Kwa maoni yangu jaribio hili lingefanywa kila mwanzo wa juma, na pia siku yoyote taa za chumbani zinapofifia. Litumike kwa damu yenye chembe nyingi, kwa sababu safu ndefu ndiyo iliyo ngumu zaidi kubanana. Mashine iliyoshinda mtihani huo itaimudu ya mwenye upungufu. Mirija miwili kwa kila mgonjwa nayo husaidia, ingawa kwa kosa jingine: itaonyesha kama kizibo kinavuja, lakini haitaonyesha mwendo hafifu, maana yote miwili hudanganya kwa kiasi kimoja.

Kagera ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imeielemea kwa muda mrefu, na malaria ni mwizi wa chembe nyekundu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 mwenye vimelea vingi, hemoglobini isiyozidi gramu 5 kwa desilita, au hematokriti isiyozidi 15, ni malaria kali yenye upungufu mkubwa wa damu. Mtoto mwenye 14 ya kweli anaweza kusomeka 15 na nusu kwenye mashine iliyochoka, akapita juu ya mstari. Kwa hiyo viganja vyeupe na kupumua kwa shida visinyamazishwe na karatasi. Mahali ambapo macho na namba vinapingana, namba ndiyo ya kurudiwa kwanza, na rufaa isingoje marudio hayo.

Wagonjwa wa selimundu ni kundi jingine la kuangaliwa, nao ni wengi katika Kanda ya Ziwa. Chembe zao ni ngumu na zimepinda, hazilaliani vizuri, basi hunasa plazma zaidi hata mashine ikiwa nzima. Kwao hemoglobini iliyopimwa kwa kifaa kidogo cha kusomea tone la damu, pale kilipo, ni ya kuaminiwa zaidi kuliko hematokriti ya mrija.

Kosa la pili nililo na neno nalo limo katika vitabu vya maelekezo. Tunaandikiwa tuzungushe kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, na tunatii. Maelekezo hayo yana nusu ya habari. Nguvu hutegemea pia umbali wa ncha ya mrija kutoka katikati. Mizunguko ikiwa idadi moja, mashine kubwa ina nguvu zaidi, kwa sababu ncha yake inapaswa kwenda njia ndefu kwa muda uleule. Mizunguko 3,000 katika mashine yenye nusukipenyo cha sentimeta 10 ni nguvu ya mara 1,000 hivi. Katika yenye sentimeta 18 ni mara 1,800. Kanuni ya kubadilishia ni fupi na inafaa kubandikwa ukutani: zidisha 0.00001118 kwa nusukipenyo katika sentimeta, kisha zidisha kwa mizunguko kwa dakika, halafu zidisha tena kwa mizunguko hiyo hiyo. Jibu ni mara ngapi ya mvutano wa dunia. Nusukipenyo hupimwa kwa rula, mashine ikiwa imezimwa, kutoka katikati ya mhimili hadi chini kabisa ya mrija ukiwa umelala kama unavyolala wakati wa kuzunguka.

Si kila mara nguvu kubwa ndiyo njema. Mkojo unaotafutiwa mashapo huzungushwa kwa nguvu ya mara 400 tu kwa dakika 5, ambayo kwa nusukipenyo cha sentimeta 15 ni mizunguko 1,550 hivi. Anayeuzungusha kwa 3,000 kwa sababu kitasa kilikuwa hapo tangu damu ya asubuhi, ametumia nguvu karibu mara nne, na huenda amevunjavunja vile vipande laini vilivyotoka ndani ya figo ambavyo daktari alikuwa akivitafuta.

Juu ya usalama nitasema machache. Katika mashine yenye nguvu ya mara 1,500, gramu moja ni kama kilo moja na nusu. Mrija mmoja ukizidi mwenzake wa upande wa pili kwa gramu moja, mhimili unavutwa kwa kani ya uzito wa kilo moja na nusu inayobadili upande mara 50 kwa sekunde. Meza itatetemeka, mashine itatembea, na siku moja mhimili utakatika. Mirija isawazishwe kwa uzito wala si kwa idadi tu. Asiye na jozi ajaze maji katika mrija wa kusawazishia mpaka mizani ilingane.

Kifuniko kisifunguliwe mashine ikiwa inazunguka, na kidole kisitumike kuisimamisha. Kisahani cha chuma cha kilo moja chenye nusukipenyo cha sentimeta 10, kikizunguka mara 12,000 kwa dakika, kimebeba nishati karibu sawa na ya ndoo ya maji ya lita 20 iliyoanguka kutoka kimo cha meta 20. Na mrija ukisikika umepasuka ndani, mashine izimwe na ibaki imefungwa kwa dakika 30, ili matone madogo yaliyorushwa hewani yatue kabla mtu hajayavuta.

Kizunguzungu chenyewe, neno lililozaliwa na kuzunguka, nacho kina fizikia yake. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu iliyopinda na kujaa umajimaji. Kichwa kikigeuka, mfereji hugeuka nacho, lakini umajimaji hubaki nyuma kwa sababu ya inesha, na ubongo husoma tofauti hiyo. Mtoto aliyezunguka mchezoni akasimama ghafla huona nyumba zinaendelea kuzunguka, kwa kuwa umajimaji bado uko safarini. Hicho ni kizunguzungu cha sikio. Mwenye upungufu wa damu kwa kawaida hasemi nyumba inazunguka. Husema macho yanaingia giza asimamapo, na mwili unakuwa mwepesi. Mgonjwa akiulizwa aeleze bila kutumia neno hilo moja, mhudumu hupata nusu ya jibu kabla ya sindano.

Ipo zahanati isiyo na umeme wa kutosha hata kwa mota ndogo. Manu Prakash, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alipotembelea vituo vya afya nchini Uganda, alikuta sentrifuji ikitumiwa kuzuia mlango, kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kuiendesha. Alirudi akatafuta jibu kwenye michezo ya watoto. Watoto wa kwetu hulijua tayari: kizibo cha soda kilichopondwa kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili, kikapitishwa uzi. Uzi ukivutwa na kulegezwa kwa zamu, kizibo huzunguka kwenda na kurudi huku kikilia. Prakash na wenzake walikitengeneza kwa karatasi, uzi na plastiki kwa gharama ya chini ya senti 20 za Marekani, na mwezi Januari 2017 wakatangaza kwamba kinaweza kufikia mizunguko 125,000 kwa dakika na nguvu ya mara 30,000 ya mvutano wa dunia. Kilitenganisha plazma na chembe kwa dakika moja na nusu.

Ni mkono wa mtu unaokiendesha, kwa hiyo hata hapo swali la mwendo linarudi: mkono wa saa nne asubuhi si mkono wa saa tisa alasiri baada ya wagonjwa sitini. Anayekitumia atafanya jambo lilelile analopaswa kulifanya mwenye mashine ya umeme. Azungushe, asome, azungushe tena kidogo, na atazame kama safu nyekundu imefupika.